Swali Kwanza, Ukumbi Baadaye: Namna ya Kuendesha Baraza la Utamaduni na Falsafa Chuoni

Mkutano wangu wa kwanza niliuandaa kwa miezi miwili, ukafa kwa saa mbili. Nilikuwa mwaka wa pili, nasoma hisabati. Niliomba ukumbi wa viti 300, vipaza sauti viwili na mgeni aliyebobea. Mada niliiandika kwa herufi kubwa kwenye mabango: “Utamaduni na Utandawazi: Changamoto na Fursa.” Walikuja watu 14, wakakaa mmoja huku mwingine kule, wote safu za nyuma. Mgeni alizungumza saa moja na nusu bila kupumzika. Nilipouliza kama kuna swali, mkono mmoja ulinyooka, na mwenye mkono akataka kujua kama kutakuwa na cheti cha kushiriki.

Niliumia, maana nilikuwa nimeamini kwamba watu hawapendi kufikiri. Ilinichukua muhula mzima kuelewa kwamba niliwaita watu waje wasikilize jambo lisilomhusu yeyote kati yao. Tangu hapo nimeendesha baraza hizi miaka sita, kwanza nikiwa mwanafunzi na sasa nikiwa mkufunzi msaidizi, na wanaonijia kutaka ushauri huwa wanaanza kuuliza habari za ukumbi na fedha. Mimi huwarudisha nyuma: nionyesheni swali lenu.

Swali liwe na mwenyewe

Mikutano ya utamaduni vyuoni ina ugonjwa wake. Inageuka maonyesho: mavazi, ngoma, picha nyingi, na watu wanaondoka wakiwa wameona rangi bila kujua sababu. Mikutano ya falsafa nayo ina wa kwake. Watu wawili waliosoma sana wanarushiana majina ya wanafalsafa, na wengine kumi na watano wanajikunyata kwenye viti wakijiona wajinga. Nimegundua kwamba dawa ya magonjwa yote mawili ni moja. Weka mezani jambo moja ambalo mtu aliyemo humo chumbani ameliishi, kisha mlihoji pamoja.

Hili sikulibuni mimi. Leonard Nelson, mwanafalsafa wa Ujerumani aliyefundisha Göttingen, alitoa mhadhara mwaka 1922 kuhusu njia ya Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyefundisha kwa kuuliza maswali, akiwataka walimu waache kumwaga majibu na wawasaidie wanafunzi kufikiri wenyewe. Kutokana na kazi yake ukakua utaratibu wa mazungumzo ya kikundi ambamo swali kubwa huchunguzwa kupitia tukio halisi la mshiriki mmoja. Niliposoma habari zake nilijaribu baraza lililofuata, na sijarudi nyuma.

Nikupe mfano. Msichana mmoja wa mwaka wa tatu alileta picha ya zamani ya familia yao. Aliitoa kwenye bahasha, akaiweka katikati ya meza, akarudi kukaa. Ilikuwa na watu tisa wamesimama mbele ya nyumba, lakini mmoja wao hakuwa na uso. Mahali pa uso palikuwa na tundu la mviringo lililokatwa kwa mkasi, kingo zake zimeanza kukunjamana. “Huyu ni shangazi yangu,” alisema. “Aliyemkata ni babu.” Kisha akauliza: je, familia ina haki ya kumfuta mtu?

Kwa dakika kumi za mwanzo watu walisema yale ambayo ungetarajia, kuhusu haki, kuhusu heshima, kuhusu makosa ambayo huenda shangazi aliyatenda. Ndipo kijana mmoja wa kompyuta, ambaye alikuwa amehudhuria mara nne bila kuchangia mjadala, akainama juu ya picha akasema, “Mkono wake mmeuona? Mkono wamemwachia.” Tulipoangalia tukauona kweli. Mkono wa yule mama asiye na uso ulikuwa bado umetulia begani kwa mtoto mdogo aliyesimama mbele yake, na mtoto huyo ndiye baba wa msichana. Mazungumzo yakageuka pale pale. Kama babu alitaka asahauliwe, kwa nini hakuichoma picha? Kusahau na kufuta ni kitu kimoja? Aliyefutwa lakini alama ya kufutwa kwake ikatunzwa miaka arobaini, amefutwa au amekumbushwa kila siku? Tulitoka usiku. Hakuna aliyetaja jina la mwanafalsafa hata mmoja, na sijawahi kusikia falsafa nzito kuliko ile.

Basi swali lako lipime hivi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wa idara yoyote, anaweza kulijibu kwa kuanza na jambo lililompata mwenyewe? Watu wawili wanaopendana na kuheshimiana wanaweza kutofautiana juu yake? Na je, simu haiwezi kulimaliza? Likishindwa kimoja, libadilishe. Haya hapa machache yaliyotufaa: Jina ni la anayeitwa au la wanaomwita? Inawezekana kuheshimu mila usiyoiamini? Msamaha ambao haukuombwa ni msamaha? Ukiiacha lugha ya wazazi wako, umemdhulumu nani?

Ukikuta tangazo lako lina maneno “umuhimu wa”, “nafasi ya” au “changamoto za”, lichane uanze upya. Hayo ni maneno ya insha, na mtu akiyaona anajua atakwenda kukaa kimya.

Mgeni ukimwita, na mara moja kwa muhula ni vizuri, mwite kwa sababu ya swali, usitafute swali kwa sababu ya mgeni. Hapa nimejifunza mengi kutoka kwa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Kenya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na kufanya mahojiano na wazee wenye hekima vijijini. Alitenganisha wazee wa aina mbili: yule anayeijua vizuri hekima ya watu wake na kuisimulia, na yule anayeijua kisha akaichambua, akaikubali hapa na kuikataa pale kwa hoja zake mwenyewe. Tofauti hiyo ni zana ya kazi kwa mwendeshaji. Mgeni akishaeleza watu wake wanasema nini kuhusu ndoa, kifo au ardhi, muulize kwa heshima: “Na wewe mwenyewe, unakubaliana nao?” Mara nyingi hapo ndipo mkutano unapoanza.

Chumba, siku na ruhusa

Chukua chumba cha semina chenye viti 20, uvipange duara, uondoe meza ya mbele. Chumba kidogo kilichojaa ni bora kuliko ukumbi wenye mwangwi. Watu 12 hadi 18 ndio kipimo changu. Wakizidi 25 wagawe makundi mawili yenye waendeshaji wawili, mkutane dakika 20 za mwisho.

Siku na saa visibadilike. Hili nalisisitiza kuliko fedha. Pale Paris, Marc Sautet alipoanzisha mkahawa wa falsafa katika Café des Phares mwaka 1992, watu walijua kwamba Jumapili asubuhi kuna mjadala. Miaka ya mwisho ya 1960, wanafunzi wa USARF, kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuwa na madarasa yao ya itikadi, nayo pia yalifanyika Jumapili asubuhi, nje ya ratiba ya masomo. Malengo ya makundi hayo mawili yalikuwa mbali kabisa, lakini yote mawili yalikuwa na saa inayojulikana. Mtu akikosa leo anajua pa kuturudia bila kutafuta tangazo. Sisi tunakutana kila baada ya wiki mbili, saa 11 jioni, tunaanza wiki ya tatu ya muhula watu wakishatulia, na tunasimama wiki mbili kabla ya mitihani.

Ruhusa iombe mapema na kwa maandishi. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi inataka kujua mambo machache tu: mada, idadi ya watu, saa ya kuanza na kumaliza, na nani atafunga mlango. Yaandike yote kwenye ukurasa mmoja. Tafuta mlezi miongoni mwa wahadhiri, mtu wa kukutetea swali likionekana la hatari, na mwombe asiendeshe yeye. Wahadhiri wazuri wanaelewa ombi hilo, kwani wanajua wakikaa mbele wanafunzi watamjibu mwalimu badala ya kujibizana.

Pamoja na ruhusa, kuna siku utakuta mlango umefungwa na mwenye ufunguo hayupo. Yalinikuta, nikaahirisha, na nikapoteza nusu ya watu wangu kwa muhula mzima. Mara ya pili tulikaa chini ya ngazi za jengo hilo hilo na baraza likaendelea. Uwe na mahali pa pili, na wote wapajue.

Kuhusu fedha sina mengi. Baraza la namna hii linahitaji viti, karatasi na kalamu. Ukianza kwa kutafuta mfadhili utakuwa na mfadhili kabla ya kuwa na swali, naye atakuja na lake.

Dakika tisini

Mwenye jambo aongee dakika 5, zisizidi 7. Watu hunilalamikia kwamba huo ni muda mfupi, nami huwaambia kwamba mwaka 1912, katika klabu ya falsafa ya Chuo Kikuu cha Cambridge iitwayo Moral Sciences Club, mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein alisoma andiko lililojibu swali “Falsafa ni nini?” kwa dakika 4 hivi. Kama hilo linaingia kwenye dakika 4, la kwako halihitaji arobaini.

Akimaliza, usifungue mjadala. Toa dakika 2 za kimya, kila mtu aandike sentensi moja: tukio lililonipata ambalo linafanana na hili. Halafu zunguka duara, kila mmoja asome sentensi yake bila kuchangiwa. Anayetaka kupita apite. Hatua hii ndogo imebadilisha baraza letu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu sauti iliyokwisha kusikika mara moja haiogopi tena kusikika. Kijana wa ile picha alikuwa amesoma sentensi zake mara nne kabla hajaongea.

Kisha jenga mjadala kwa kufuata mfano mmoja. Shawishi kundi libaki kwenye tukio lile. Mtu akipaa kwenda kwenye “jamii yetu ya leo”, mrudishe taratibu: “Kwenye picha hii, hilo unaliona wapi?” Kwangu hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, maana wanafunzi tumezoeshwa kuongea kwa jumla na tunadhani ndiyo usomi.

Ukiuliza swali, nyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alipochunguza madarasa kwenye miaka ya 1970 alikuta walimu wanasubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza kabla ya kudakia wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na wale waliokuwa wakinyamaza wakaanza kuchangia. Mimi huhesabu hadi kumi moyoni huku nikitazama karatasi yangu, sio nyuso za watu. Kimya kinamkera mwendeshaji kuliko kinavyowakera wengine. Kivumilie.

Mwendeshaji hashindani. Nikieleza hili huwa nawasimulia usiku wa tarehe 25 Oktoba 1946, katika klabu ile ile ya Cambridge, kwenye chumba kidogo cha King's College. Mwanafalsafa Karl Popper alikuwa mgeni, na alikuja kutetea hoja kwamba yapo matatizo ya kweli ya kifalsafa, si mafumbo ya lugha tu. Wittgenstein alimpinga vikali, na katikati ya ubishi alikuwa ameshika fimbo ya chuma ya kuchochea moto. Kikao hicho kimeandikwa sana, na waliokuwemo walitofautiana miaka yote kuhusu nini hasa kilitokea na fimbo ile. Wengi wanaosimulia wanasahau jambo moja: Wittgenstein ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu. Aliyetakiwa kulinda mazungumzo ndiye aliyekuwa akipigana ndani yake. Ukijikuta unataka sana kushinda hoja, mpe mwingine kiti cha uendeshaji, uombe nafasi ya kuongea kama mshiriki wa kawaida.

Anayeongea muda mrefu mkatize kwa upole lakini mkatize: “Naomba nikushike hapo, tusikie wengine wameisikiaje hoja yako.” Anayetaja majina makubwa mwambie: “Tuambie kwa maneno yako mwenyewe, kana kwamba yeye hajawahi kuandika.” Sijaona mtu akikasirika, na wengi hugundua kwamba wanaweza. Anayejibu kwa neno la lugha ya kwao na kukosa la kulitafsiria, msimkimbize. Mpeni muda alieleze kwa mifano. Tuliwahi kutumia baraza zima kulizunguka neno moja ambalo mwenzetu alisema maana yake iko kati ya aibu na heshima, na kufikia mwisho nusu yetu tulikuwa na neno jipya kwa hisia ambayo tumekuwa nayo tangu utotoni.

Dakika 15 za mwisho simamisha mada. Gustav Heckmann, mwanafunzi wa Nelson aliyeiendeleza kazi yake, aliweka ndani ya mazungumzo nafasi ya kuzungumzia mazungumzo yenyewe, na sisi tunafanya hivyo. Uliza: tulikwama wapi leo? Nani hakupata nafasi? Nani amebadilisha mawazo, na kitu gani kilimbadilisha? Usipige kura wala usitoe msimamo wa baraza. Watu waondoke na swali likiwa hai.

Mahali panapouma

Utamaduni ni ngozi ya mtu, na hapa nilikosea vibaya. Mwaka wangu wa tatu nilimgeukia mwanafunzi mmoja mbele ya wote nikamuuliza, “Na ninyi kwenu mnafanyaje?” Nilidhani namkaribisha. Alijibu kwa sentensi mbili fupi, akakusanya vitabu vyake kikao kilipoisha, na hakurudi. Baadaye nilimfuata kumwomba radhi. Aliniambia kwamba alikuja kama yeye, nami nikamfanya balozi wa watu ambao hakuwahi kutumwa nao.

Kutokana na siku ile tuna kanuni tunayoisoma kila tunapoanza: kila mtu aseme kwa niaba yake mwenyewe, “mimi” na wala si “sisi”, na hakuna anayeulizwa habari za kabila lake, dini yake au nchi yake isipokuwa ameileta mwenyewe. Kanuni ya pili tumeiazima Chatham House, taasisi ya mambo ya kimataifa ya London, ambako ilitungwa mwaka 1927: uliyoyasikia unaweza kuyatumia, lakini usimtaje aliyeyasema. Kwa hiyo harekodi mtu, hapigi video mtu, na kwenye kundi la WhatsApp hatuweki nani alisema nini. Nimeshawahi kuombwa na vijana wa chama chetu tuweke vipande mtandaoni ili tujulikane. Nilikataa, na ningekataa tena. Msichana wa ile picha asingeitoa kwenye bahasha kama kungekuwa na kamera.

Mada ikiwa ni kifo, ukatili au imani, sema mapema kwenye tangazo, ili mtu aliyefiwa juzi asishtukizwe. Na jua ofisi ya ushauri nasaha iko wapi, kwa majina na milango. Baraza halitibu mtu, na mwendeshaji hana haki ya kujaribu.

Daftari

Tatizo linaloua vikundi vya wanafunzi ni kuhitimu. Mwanzilishi anaondoka, na kila alichojua kinaondoka naye. Sisi tuna daftari moja, la karatasi, lenye jalada gumu. Kila kikao kina ukurasa mmoja: tarehe, swali kama lilivyoulizwa, idadi ya watu, mahali mazungumzo yalipogeuka, na swali jipya lililozaliwa. Majina hayaandikwi. Ukurasa wa ile picha una mstari mmoja tu kwenye sehemu ya mageuzi: “Mkono wamemwachia.”

Anza kumwandaa mrithi katikati ya mwaka, usingoje mwisho. Mwachie aendeshe kikao ukiwepo, kaa upande wake wa pembeni asikokuona usoni, na usimwokoe akinyamaziwa. Chagua anayesikiliza vizuri kuliko anayeongea vizuri. Wetu wa sasa ni yule kijana wa kompyuta.

Wewe unayeanza wiki hii, usiende kwanza kuomba ukumbi. Andika maswali matatu kwenye karatasi, uwaonyeshe watu watatu wa idara tofauti, mmoja mmoja, bila maelezo. Lile ambalo mtu ataacha kulisoma na kuanza kukusimulia jambo la nyumbani kwao, chukua hilo. Mwombe aje nalo.